Jinsi ya Kumpita Nesi Mwenye Mashine ya Presha

Mwongozo huu ni wa watu wazima wasioumwa. Anayeumwa hatuna kazi naye. Mguu ukimvimba au mkojo ukigoma, atajipeleka mwenyewe, tena usiku wa manane, kwa bodaboda. Nazungumza na wewe uliyevuka arobaini, unayekula vizuri, unayepanda ngazi ukishika ukuta kidogo tu, na ambaye ukiulizwa "presha yako ngapi?" unacheka kwanza. Unataka iendelee hivyo mpaka mwisho. Inawezekana kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kama wanalo. Karibu nusu! Hakuna chama cha siasa nchini chenye wanachama watiifu namna hiyo, na hakuna hata mmoja wao aliyedaiwa ada.

Kikwazo ni kwamba wapimaji wamebadilika. Zamani mtu alikuwa salama alimradi asikanyage hospitali. Siku hizi wanamfuata sokoni, stendi, kanisani baada ya ibada, na kwenye maonyesho ya Sabasaba ndiyo usiseme.

Kwenye hema

Umeingia viwanja vya Barabara ya Kilwa na familia, mwezi wa saba, unatafuta jiko la gesi na sufuria zisizoshika. Ghafla, kati ya banda la asali na banda la magodoro, pana hema jeupe, viti vya plastiki, na binti mwenye koti jeupe aliyekuona kabla hujamwona.

"Shikamoo baba! Karibu upime presha na sukari, ni bure."

Usigeuze njia. Anayegeuza njia huitwa mara ya pili, kwa sauti, na watu wote wanaangalia. Itikia vizuri: "Marahaba mwanangu, hongereni kwa kazi." Kisha ongeza: "Nazunguka kidogo, nakuja." Katika nchi hii hakuna ahadi inayopokelewa kwa heshima na kusahaulika upesi kama "nakuja". Ondoka taratibu, ukitazama bei za magodoro. Usikimbie, kwa sababu mbio hupandisha presha.

Kama mama watoto ameshaketi kwenye kiti, usimzuie. Mwambie, "Pima wewe, mimi nashika mtoto." Akitoka na majibu mazuri, yachukue na wewe. Mnakula chungu kimoja, mnalala chandarua kimoja, mtashindwaje kuwa na presha moja? Mbinu hii haikuzaliwa Sabasaba. Wanaume wameitumia miaka na miaka kwenye kliniki ya wajawazito: mama anapimwa VVU katika hudhurio la kwanza, anarudi na kadi, baba anaisoma kimyakimya, anashusha pumzi, na tangu siku hiyo anajihesabu kuwa amepima. Wataalamu watakuambia wapo wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana, tena si wachache. Wataalamu hupenda kuharibu shughuli. Mwaka 2007 Rais Jakaya Kikwete na Mama Salma walikwenda Mnazi Mmoja wakapima VVU hadharani kuzindua kampeni ya taifa ya upimaji wa hiari, na kila mmoja akatoa damu yake. Israfu tupu. Damu ya mmoja ingetosha.

(Sheria ilirekebishwa mwaka 2019, na sasa mtu mzima anaruhusiwa kujipima VVU mwenyewe, faraghani, bila foleni. Hili tulipite haraka, maana foleni ilikuwa kisingizio chetu bora.)

Najisikia vizuri

Hii ndiyo ngao kuu, na uzuri wake ni kwamba si uongo. Presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili. Haiumi, haiwashi, haikatishi usingizi. Inaweza kukaa miaka ikiuchosha moyo na kuharibu mishipa midogo ya figo na ya macho, huku mwenyewe yuko kijiweni anafunga bao. Kwa hiyo ukisema "najisikia vizuri", hakuna nesi wa kukubishia. Uchunguzi wa mapema umewekwa kwa ajili ya mtu anayejisikia vizuri, lakini usimkumbushe.

Siku presha ikiamua kuzungumza, mara nyingi huzungumza kwa kiharusi. Mtu ameamka kupiga mswaki, mdomo umekwenda upande, mkono haushiki kikombe. Hapo hutakuwa peke yako: majirani watasema umetupiwa kitu, shemeji atakumbusha lile shamba la urithi na maneno aliyoyasema baba mdogo msibani, na hakuna hata mmoja atakayetaja hema la Sabasaba. Ikizungumza kwa njia ya figo, utaratibu ni mrefu zaidi. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huenda mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara. Yaani yule aliyekosa dakika tano mbele ya banda la magodoro anapatikana saa kumi na mbili kila wiki. Muda ulikuwapo.

Ikitokea umenaswa na namba ikasoma 140 juu ya 90 au zaidi, tulia. Sema mashine mbovu. Wakileta nyingine, sema umetembea juani. Tena hapa una hoja, kwani kipimo kimoja hakitoshi. Daktari makini hurudia siku nyingine kabla ya kumwita mtu mgonjwa wa presha. Chukua nusu ya kwanza ya maneno hayo, kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Ile nusu ya kurudi siku nyingine waachie wenyewe.

Na kama mambo yameharibika mpaka umeandikiwa dawa, bado hujachelewa. Meza wiki tatu, presha ishuke, kisha tangaza kwamba umepona na uache. Imeshuka kwa sababu ya dawa, ndiyo, lakini nani ameuliza?

Kuhusu sukari sina mengi. Wanataka tone la damu ya kidole, na wakitaka uhakika zaidi wanakuomba uje asubuhi hujala, waone kama imefika 7.0 au kupita. Wewe njoo umeshakunywa chai na chapati mbili, ujieleze kwa masikitiko kwamba ulisahau. Watakupangia siku nyingine. Siku hiyo pia ina chai.

Silaha za mdomo

Katika kila ukoo yupo mtu wa methali, aghalabu shangazi, naye atakuja na ile ya "mficha maradhi kilio humuumbua". Usikubali kunyamazishwa, akiba ya Kiswahili inatosha pande zote mbili. Mjibu, "Shangazi, siku ya kufa nyani miti yote huteleza." Akikwambia kinga ni bora kuliko tiba, mwambie ajali haina kinga. Akisema usipoziba ufa utajenga ukuta, mwambie wewe ni mpangaji. Ukiona anakuzidi, panda juu kabisa: "Yote ni mipango ya Mungu." Hilo nesi hakufundishwa kulijibu chuoni. Wapo mashehe na wachungaji wanaoweza kulijibu vizuri sana, basi usiliseme mbele yao.

Atakuja pia kijana mwenye mfano wa gari: mbona gari unalipeleka sevisi kila kilomita elfu tano? Mwambie gari ukiliuza unapata hela.

Ipo silaha moja ambayo mkono wangu unasita kuinolea makali, nayo ni hii: "Bora nisijue. Nikijua nitakufa kwa mawazo." Wengi wanaoisema hawatanii. Wamemwona jirani aliyepimwa mwezi wa tatu akazikwa mwezi wa tano. Wanakumbuka kipimo, ile miaka aliyokaa na uvimbe akiupaka mafuta hawakuiona, kwa sababu aliificha. Kwa macho yao kipimo ndicho kilichomuua. Hospitali ya saratani ya Ocean Road pale ufukweni Dar es Salaam imebeba jina baya kwa sababu hiyohiyo. Wagonjwa wengi wa saratani hufikishwa pale ugonjwa ukiwa umeshasambaa, kisha watu wanahesabu waliorudi kwenye sanduku na kusema hospitali ile inaua. Uvumi huo una faida kubwa kwetu, kwani unajizalisha wenyewe: anayeogopa anachelewa, aliyechelewa anakufa, na aliyekufa anawaogopesha wengine. Hatuhitaji hata kuusambaza.

Kidole

Kijiweni mada ya tezi dume haijawahi kuvuka kidole cha daktari. Wanaume wazima, wenye wajukuu, wanaoweza kuchambua usajili wa Simba na Yanga kuanzia kipa hadi mtunza vifaa, ukitaja tezi dume wanarudi darasa la tano. Itunze hali hiyo. Maadamu mnacheka, hakuna atakayeuliza swali lenye maana, kwa mfano nani kati yenu huamka mara nne usiku kukojoa.

Usimruhusu mtu aeleze kwamba siku hizi kazi mara nyingi huanza na kipimo cha damu kiitwacho PSA. Wala kwamba PSA si hakimu, maana hupanda pia kwa tezi iliyokua kwa umri au iliyopata maambukizi, ndiyo maana mwanamume anayefikisha miaka 50, au 45 kama baba au kaka yake aliugua, hushauriwa akae kwanza na daktari wapime faida na hasara ndipo aamue. Wala kwamba kidole chenyewe, kikihitajika, ni suala la sekunde chache. Habari za namna hiyo zikienea utani utakwisha, na kijiwe kitabaki na siasa tu.

Tulipata pigo moja kubwa. Novemba 2014 Kikwete, akiwa bado madarakani, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, na badala ya kusingizia mafua au mapumziko aliwaeleza wananchi waziwazi. Rais mzima kuitaja tezi yake mbele ya taifa! Kwa wiki kadhaa wanaume waliulizana maswali ya kweli. Ilibidi tutafute jibu upesi, tukalipata: yeye ana ndege.

Kwa kina mama

Wanawake ni wanafunzi wazito wa mwongozo huu. Miaka ya kliniki imewazoesha mizani, sindano na kadi. Hata hivyo kwenye saratani ya mlango wa kizazi wengi wao wanafuzu, na mafanikio yao yanastahili heshima, kwa kuwa ugonjwa huo ni mgumu sana kuukwepesha kipimo. Hauna haraka. Tangu mwanamke apate kirusi cha HPV mpaka saratani ijitokeze hupita miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga nzuri ya mwili, na miaka 5 hadi 10 kwa ambaye kinga yake imedhoofika, kama mwenye VVU asiyetumia dawa. Kupitwa na gari la saa mbili si kazi. Kupitwa na gari lililokaa stendi miaka kumi na mitano likipiga honi, hapo lazima mtu awe amejituma.

Na kipimo chenyewe, mahali pengi, ni siki. Jamii ya siki hiyohiyo ya kwenye kachumbari, ila imechanganywa kwa kipimo maalumu. Nesi anapaka, anasubiri kama dakika moja, doa likigeuka jeupe anajua pana chembe zisizo sawa. Mara nyingi doa hilo hugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto siku ileile, mama akarudi nyumbani kuinjika wali. Kuna pia kipimo cha kirusi chenyewe, ambacho mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli. Lengo la dunia kufikia mwaka 2030 ni kwamba wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika kabla ya kutimiza miaka 35, na tena kabla ya 45. Mara mbili! Wapo wanaopima nguo ya sendoff mara tano kwa fundi mmoja.

Visingizio ni hivi. "Nimezaa wanne, mlango wangu hauna tatizo." "Mimi nimetulia na mume wangu." Cha pili kina nguvu kwa sababu anayekipinga huonekana anamtukana mtu. Kwamba karibu kila aliyewahi kujamiiana hukutana na kirusi hiki wakati fulani, hata aliyetulia na mmoja, ni jambo gumu kumwambia mama mkwe. Cha tatu ni pazia. Nesi ni binti wa mtaa wa pili, chumba kina pazia lisilofika ukutani, na mfagizi anaingia bila kubisha hodi. Hicho sikichezei. Kituo kinachotaka wanawake waje kinunue pazia kwanza, ndipo kichapishe vipeperushi.

Mabinti nao tunapokonywa. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Tulijaribu kueneza kwamba inafunga kizazi. Baadhi ya wazazi walitusikiliza. Wengi, kwa masikitiko, walisaini fomu.

Ukilazimika, pima ovyo

Si kweli kwamba watu wetu hawapendi foleni za afya. Mwaka 2011 walikwenda Samunge, Loliondo, kwa mabasi, malori na hata helikopta, wakalala barabarani kwenye msururu wa magari wa kilomita nyingi, ili wanywe kikombe cha dawa ya mzee aliyeitwa Babu kwa shilingi 500. Wapo waliofia njiani, na wapo waliokunywa wakarudi nyumbani wakaacha dawa zao. Hakuna aliyelalamika kwamba huduma inachelewa. Tofauti ya Samunge na hema la Sabasaba ni kwamba Babu alikuwa anakupa jibu, na hema linakupa swali.

Kwa hiyo kama nyumbani wamekubana sana upime, chagua kipimo cha namna hiyo. Tafuta ile ofisi ya ghorofa ya pili wanakouza virutubisho. Watakupa kifimbo cha chuma ukishike mkononi, waya umeunganishwa na kompyuta, na baada ya dakika moja mashine itatema kurasa za majibu ya ini, figo, moyo, macho, mifupa na nguvu za kiume. Hujatolewa hata tone la damu. Majibu huwa na jambo moja: una sumu mwilini, na dawa ya kuitoa iko kabatini nyuma ya aliyekupima. Utarudi nyumbani na karatasi nyingi za kumwonyesha mkeo, mfuko mwepesi, na presha yako ikiwa haijaguswa na mtu.

Shukrani kwa wapimaji

Sina budi kuwashukuru waandaaji wa siku za upimaji, kwani bila wao mwongozo huu ungekuwa mgumu kuutekeleza. Asubuhi zinagawiwa fulana. Mgeni rasmi anachelewa. Anapofika yanasomwa majina ya wadhamini, kikundi cha ngoma kinatumbuiza, mgeni rasmi anapimwa presha mbele ya kamera, na majibu yake hayatangazwi. Mchana watu wanapimwa kwa mamia. Aliyekutwa na tatizo anapewa kikaratasi kilichoandikwa aende kituo cha afya kilicho karibu. Jumatatu hema limeng'olewa. Anakwenda kituoni na kikaratasi chake, anaambiwa aanze upya kufungua faili, alipie kumwona daktari, arudi Alhamisi kwa sababu anayeshughulika na presha yuko semina. Alhamisi ana shamba au genge lake. Mtu huyo ametufikia mwenyewe bila sisi kumfuata, na ukimhesabia uoga utakuwa umemwonea.

Mtego ambao sina mbinu nao

Unaweza kuyapita mahema yote, ukamshinda shangazi kwa methali, ukastaafu na afya ya kujisikia. Kisha binti yako anayesomea uuguzi anakuja likizo ya Krismasi au ya Idi. Anakaa siku mbili akisaidia jikoni, hasemi kitu. Siku ya tatu, umemaliza kula, umekaa barazani na redio, anatoka ndani na kimkoba.

"Baba, shikamoo. Naomba mkono wako, mwalimu kasema tufanye mazoezi nyumbani."

"Nazunguka kidogo, nakuja" haifai, uko kwako. "Pima mama yako" haifai, kashampima, tena namba ziko kwenye daftari. "Mashine mbovu" haifai, wewe ndiye uliyetoa hela ya kuinunua, ukaambiwa ni ya vitendo chuoni. Mashine yenyewe inabana mkono mara moja tu, lakini huyu mtoto amesoma: atakuzimia redio, atasema kahawa uliyokunywa sasa hivi imeharibu, msubiri nusu saa. Atakutuma msalani kwanza. Atakukalisha kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini, usikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, dakika tano umetulia. Atapima mara mbili aandike zote, na kesho asubuhi atarudia. Na usiongee. Ukiongea inapanda, ataanza upya.